Sakafu ya Mninga

Jumatatu, 7 Oktoba

Nimeendelea kung'oa sakafu ya gari. Plaiwudi imeoza, inachanika kwa vidole kama mkate uliolowa chai. Chini yake sponji ya njano, imejaa maji na mavi ya panya. Harufu imenikaa puani tangu asubuhi. Mchana nimekula kwa kujilazimisha.

Tekla alitoka na kiti chake cha plastiki, akakaa kivulini kunisimamia. Mgongo ukimpa nafasi, mke wangu husimamia kila kitu. "Baba Agata," akasema, "umeniletea jalala lenye magurudumu." Nikamwambia jalala hilo ndilo litakalompeleka Kasulu akiwa amelala chali. Akacheka mpaka akashika kiuno. Nimefurahi.

Kasulu ndiko aliko binti yetu Agata. Alijifungua mwezi wa saba, mtoto wa kwanza, wa kike. Wamempa jina la bibi yake. Tekla hajamwona ila kwenye simu. Kupanda basi hawezi. Tangu apasuliwe mgongo, akikaa zaidi ya misa moja miguu inakufa ganzi. Treni inaishia Kigoma, na kutoka Kigoma ni basi tena. Kwa hiyo gari hili la kulala. Wajerumani wawili wazee liliwafia hapa Tabora wakiwa safarini, wakaliacha kwa fundi magari. Injini imepona. Kitanda kipo. Sakafu ni yangu, na sakafu nimezifanya maisha yangu yote kwenye karakana ya reli.

Jumatano, 9 Oktoba

Bati la chini limeliwa na kutu. Kuna mahali naona mchanga wa uani nikiwa ndani ya gari. Nimekata sehemu mbovu kwa grinda, cheche zikanitoboa suruali. Yamebaki matundu, mengine yanapitisha kidole gumba. Nimeyaacha hivyo. Maji yakiingia yapate pa kutokea. Wenyewe Wajerumani waliziba kila kitu, ndiyo maana pakaoza.

Joto kali. Watu wanaangalia mawingu na mvua haiji. Nje ya mji miombo imeanza kutoa maua.

Nimeamua sakafu mpya ikae juu ya papi, vipande vyembamba vya mbao, kuwe na uwazi wa kiganja kimoja kati ya mbao na bati. Ndivyo yalivyokuwa mabehewa ya zamani. Joto la barabara halimfikii aliyelala. Tekla hatalala juu ya kikaango.

Ijumaa, 11 Oktoba

Mbao za mninga zimeletwa. Nzuri, kavu, nyekundu. Siku hizi vijana wanabandika kapeti la plastiki juu ya plaiwudi, wanaita sakafu. Mimi siwezi. Nimepiga randa mchana kutwa na vumbi lake limenipigisha chafya kama mgonjwa. Sijali.

Jioni alipita binamu yangu Kulwa. Ni mrina asali, mizinga yake ameitundika porini upande wa Sikonge. Kama kawaida yake, aliacha koti la kazi kwa jirani yetu Bi Zuhura, akaoga huko huko, ndipo akaja kumwamkia Tekla. Hakuna mtu wa ukoo wetu anayeingia kwangu akinuka mizinga. Miaka ile kijijini Choma, shambani kwa dada yake Tekla, nyuki alimuuma mke wangu shingoni. Mmoja tu. Uso ukavimba, koo likaziba, tukamfikisha hospitali akikoroma. Daktari akasema mara ya pili huenda tusimuwahi. Wiki ile ile nikamgawia Kulwa mizinga yangu yote. Sijawahi kuijutia.

Nimemwomba Kulwa nta ya kusugulia mbao. Akasema ataleta, ila nisiiache wazi. Nikamwambia asinifundishe nta, mimi nimekulia kwenye mizinga. Akasema, "Haya, kaka." Ananiudhi akisema "haya, kaka".

Jumatatu, 14 Oktoba

Nta imefika, bonge la kahawia ndani ya mfuko wa saruji. Nilimuuliza Tekla kwanza. Akasema nta haina mwiba, tena harufu yake inamkumbusha mishumaa ya Pasaka. Nikaiyeyusha kwenye sufuria kuukuu nyuma ya choo.

Nimezipaka mbao pande zote mbili. Fundi mvivu hupaka upande unaoonekana. Upande wa chini ndio unaooza kwanza. Papi nazo nimezipaka. Iliyobaki nimeisugua kwenye kona za ndani, pale bati linapokutana na mbao, unyevu usipite.

Sijapata kufanya kazi kwa makini hivi tangu nistaafu. Naliandika hili kwa sababu hakuna mwingine atakayelisema.

Alhamisi, 17 Oktoba

Imekwisha.

Mbao zimeshikana, ulimi ndani ya mfereji, hata wembe haupiti. Tekla amevua ndala akatembea juu yake pekupeku, taratibu, mkono mmoja begani kwangu. Akafika kitandani, akalala, akatazama dari. Hakutania. Akasema, "Asante, baba." Nikatoka nje nikajifanya natafuta msasa.

Nimelisogeza gari chini ya mwarobaini lisipigwe na jua. Safari Jumamosi ya tarehe mbili. Tutapita Urambo, Kaliua, mpaka Uvinza, njia ile ile waliyopita wapagazi zamani na mizigo vichwani. Agata ameambiwa. Kwenye simu nimesikia akipiga vigelegele.

Jumapili, 20 Oktoba

Baada ya misa watu wamekuja kuona. Bi Zuhura ameingia, akainama, akapangusa ubao kwa upindo wa khanga. Akasema, "Mie kwangu sebule ya saruji imepasuka, mwenzangu gari lako lina mninga. Mama Agata, mimi nahamia humu." Tekla akamjibu kuwa kodi ni vitumbua kila asubuhi. Wamecheka sana wawili hao.

Mchana Tekla amelala garini ili auzoeshe mgongo. Amesema atafanya hivyo kila siku mpaka safari. Amelala vizuri kuliko ndani.

Jumanne, 22 Oktoba

Nyuki. Wachache tu, karibu na gurudumu la nyuma. Wanakuja, wanapita pita kwenye bati, wanaondoka, wanarudi. Hawatui.

Ilikuwepo ndoo ya maji pale. Kiangazi hiki nyuki wanafuata maji popote. Nimeyamwaga na ndoo nimeipeleka nyuma ya nyumba.

Tekla nimemwambia leo apumzike ndani, kuna vumbi. Nyuki sikuwataja. Akisikia neno hilo halali.

Alhamisi, 24 Oktoba

Jana walikuwa wengi kidogo. Leo asubuhi hakuna hata mmoja. Nikamshukuru Mungu, nikampeleka Tekla kliniki ya mgongo kwa bajaji.

Tuliporudi Bi Zuhura akanivuta pembeni. Mchana lilipita kundi, akasema, jeusi, likinguruma juu ya mabati yetu. Akawakusanya wajukuu, akafunga milango. Lilielekea wapi? "Mie nilijifungia, Baba Agata. Nilipotoka, kimya." Nikamwomba asimwambie Tekla. Akanitazama. Akakubali, lakini alinitazama kwanza.

Nimekagua mwarobaini, paa, choo, dari ya jiko. Nimeinama chini ya gari. Giza lilikuwa linaingia, sikuona kitu. Msimu huu makundi yanahama, yanapita. Nimejiambia limepita.

Jumamosi, 26 Oktoba

Kuku wa Bi Zuhura hawalali tena chini ya gari. Tangu nimelileta palikuwa pao. Leo wamejibana ukutani, kwenye jua, midomo wazi kwa joto, na kivuli kipo pale pale kitupu.

Tekla ameona. "Hata kuku wamelikataa jalala lako." Nimecheka. Sikuipenda hali ile.

Jumapili, 27 Oktoba

Tekla amelala garini mchana. Alipoamka akasema sakafu yangu inaimba.

Nikamwambia ni transfoma ya mtaani. Akasema transfoma iko kule mbele, sauti hii iko chini ya mto wake. Tena mbao za hapo kitandani zina joto. Nikasema mninga hushika joto. Nilijibu haraka mno. Akasema, "Sawa, fundi," akaendelea kukunja nguo za mtoto. Ameshona gauni dogo la njano.

Sina raha. Kesho nitaangalia kukiwa na mwanga.

Jumatatu, 28 Oktoba

Nimeweka sikio kwenye ubao.

Naifahamu sauti hiyo tangu kabla sijajua kusoma. Si ya nyuki wanaopita. Ni ya nyuki waliokaa, wanaopigia mbawa nyumba yao ipoe.

Nikaingia chini ya gari, polepole, nikalala kwa ubavu. Nyuma ya ekseli, kwenye tundu la kidole gumba nililolikata mwenyewe, wanaingia na kutoka. Walinzi wanne watano mlangoni. Bati pembeni ya tundu limeanza kung'aa kwa miguu yao.

Nilikaa mchangani muda mrefu. Tukitaka mzinga mpya uingiwe tunafanyaje? Tunaupaka nta kwa ndani. Tunaacha tundu dogo. Tunautundika kivulini wakati miti ina maua. Nimefanya yote hayo, kwa ustadi, kwa mikono yangu, kisha nikamlaza mke wangu juu yake.

Mimi. Mtoto wa warina asali.

Jumatatu hiyo hiyo, jioni

Simu ya Kulwa haipatikani. Mkewe anasema yuko porini, anatoka Alhamisi. Kazi hii ya kufumua sakafu na kufukiza moshi inataka watu wawili, mmoja aliyezoea. Mimi nimeacha siku nyingi na mikono haina kasi.

Warina wengine wapo, hapa ni Tabora. Lakini nikimwita mmoja leo, kesho soko zima la Ng'ambo litakuwa linasimulia fundi wa reli aliyetengeneza mzinga wenye usukani. Watacheka mpaka nizikwe. Siwezi. Nasubiri Kulwa.

Tekla sikumwambia. Nilifungua mdomo wakati wa chakula. Alikuwa anazungumza na Agata kwenye simu, anamuuliza mtoto anapenda kubebwa vipi. Nilijua akisikia tu, hataligusa gari hili tena maishani, na Kasulu imekwisha. Nikafunga mdomo. Nikasema baadaye kwamba nimepaka dawa ya mchwa chini ya sakafu, kali, asiingie mpaka Ijumaa itakapokuwa imekauka. Akauliza kwa nini sikuipaka kabla ya kupigilia. Nikasema nilisahau.

Maisha yetu yote hajawahi kunisikia nikisema nimesahau kitu cha kazi. Aliamini.

Jumanne, 29 Oktoba

Mlango wa ubavuni nimeufunga kwa ufunguo. Wa nyuma hauna kitasa tangu nimelipata, nimeufunga kwa waya. Nimezungusha mara nyingi.

Wanaongezeka. Mchana ukisimama uani unawasikia bila kutega sikio, au ni mimi tu ninayewasikia. Tekla anaanika nguo hatua chache kutoka pale. Nimehamisha kamba ya nguo. Akauliza kwa nini. Nikasema kule kuna jua zaidi. Uongo wa pili. Unatoka kirahisi kuliko wa kwanza.

Jumatano, 30 Oktoba

Hofu. Sina jina lingine la kuipa. Nimekaa mlangoni kutwa kama askari wa benki. Tekla anasema nina homa, ameniwekea mkono kwenye paji la uso. Amenikorogea uji wa ulezi.

Nilitaka kumwambia pale pale, kikombe mkononi. Akawa ameanza kunieleza habari ya mapazia. Amemaliza kuyashona, ya maua, anataka Agata ayaone mara tu gari likisimama mlangoni. Nikanywa uji.

Kesho Kulwa. Jioni tunafukiza, tunafumua, tunawahamishia kwenye mzinga, wanaondoka naye. Keshokutwa nafunga mbao upya na kuziba kila tundu. Jumamosi tunaondoka. Hatajua.

Ijumaa, 1 Novemba

Naandika hospitalini, kwenye benchi. Yuko hai. Nimeandika hilo kwanza.

Jana mchana nilikwenda stendi kumpokea Kulwa. Basi lilichelewa. Tekla alibaki na mapazia yake. Alinusa mlangoni mwa gari, hakusikia harufu ya dawa. Alimwita Bi Zuhura anuse naye. Bi Zuhura akasema hapa hapajapakwa dawa yoyote. Basi akafungua waya wa nyuma, akaingia na nyundo ndogo na misumari ya mapazia. Alitaka nikirudi nikute yananing'inia. Alitaka kunishangaza.

Aligonga. Gari zima ni bati, linarudisha mshindo. Aligonga misumari, na mmoja ukamwanguka, akapiga goti kuutafuta kwenye sakafu.

Walitoka.

Bi Zuhura alikuwa uani kwake. Anasema alisikia Tekla akiniita mimi, mara moja. Akachovya blanketi kwenye pipa la maji, akaingia, akamfunika, akamburuta mpaka jikoni kwake. Mama wa umri ule. Naye ameumwa usoni na mikononi, jicho moja halifunguki. Mwanawe akawawahisha kwa bajaji.

Mimi nilifika na Kulwa tukicheka jambo. Nikaona kwanza mapazia yameanguka mchangani. Halafu nikaona uani hakuna mtu.

Jumamosi, 2 Novemba

Amewekewa mpira wa hewa. Uso si wake. Nimemshika mguu, ndio pekee haukuvimba.

Ilikuwa siku ya safari leo.

Jumapili, 3 Novemba

Amefungua macho. Mpira umetolewa. Sauti ni ya kukwaruza. Muuguzi alimpa maji kwa kijiko, akatoka, tukabaki wawili.

Nilidhani atauliza kuhusu Agata. Akaniuliza, "Ulijua?"

Nikasema nilijua. Tangu lini? Tangu Jumatatu. Na dawa ya mchwa? Nikasema haikuwepo dawa.

 Nikaanza kueleza, nta, matundu, Kulwa hakuwa hewani, nilitaka tu afike Kasulu. Nilisema mengi. Nilijisikia nikisema. Akanyanyua mkono kidogo, nikanyamaza.

Akasema, "Ungeniambia nisingeingia."

Kisha akageukia ukutani, taratibu, kwa mgongo ule. Sikuthubutu kumsaidia.

Jumanne, 5 Novemba

Jana jioni Kulwa na mimi tumefumua sakafu. Hakucheka. Nilikuwa nimejiandaa kwa kicheko chake wiki nzima, na hakikuja. Alifukiza, mimi nikanyanyua ubao mmoja mmoja. Masega meupe, mapya, yamejipanga kati ya papi na papi kwa unadhifu. Asali kidogo tayari. Alipomaliza kuwahamisha akasema, "Kaka, mkeo angemtafuta mtu hata Kipalapala. Ungemwambia yeye angenipata." Ni kweli. Tekla anajuana na watu wote. Angenipatia mrina kabla ya jua kuzama, na wala asingecheka.

Nimezichoma mbao. Zote. Bi Zuhura alisimama mlangoni kwake na jicho lake lililovimba, akaangalia moshi. Nimemwamkia, akaitika.

Ijumaa, 8 Novemba

Tekla ametoka hospitali. Agata amefika kwa basi na mtoto, na mumewe Festo. Mtoto ana macho ya Tekla, makubwa, ya kuhoji. Alimpa bibi yake kidole kimoja akishike.

Nilikaa kwenye kiti cha kona. Wananisemesha. Tekla pia ananisemesha. Nipe maji, funga dirisha, chumvi iko wapi. Hajaniita Baba Agata tangu aliporudi. Hanitanii. Kabla ya hapa hata tukigombana alinitania.

Analala chumba cha Agata. Anasema ni kwa ajili ya mtoto.

Jumapili, 10 Novemba

Leo baada ya kula Tekla amesema atakwenda Kasulu. Atakaa na Agata. Agata akauliza kwa muda gani. Akasema tutaona.

Nikasema mgongo wake, atasafiri vipi. Akasema kwa gari lake. Wote tukamtazama. Nikamwambia ndani ni bati tupu, hakuna sakafu, na nilidhani hatapenda hata kuliona.

"Gari halina kosa," akasema.

Nikasema basi nitaziba matundu kesho, na Jumanne nitawapeleka. Akamgeukia Festo akamuuliza kama leseni yake bado iko hai. Festo akaniangalia mimi. Akasema ndiyo, mama, iko hai.

Jumatatu, 11 Novemba

Nimeziba matundu yote. Nimekata vipande vya bati, nimeunga kwa risasi, nimepitisha silikoni, kisha nikamwaga maji ndani kuona kama yanavuja. Hayavuji. Juu nimetandika mpira mweusi, ule wa kawaida wa madukani, na juu ya mpira mkeka. Hakuna mbao. Hakuna uwazi. Nimepiga magoti kila pembe, nikagonga kwa kifundo cha kidole, nikasikiliza. Bati tu.

Kitanda nimekiwekea godoro la pili. Mapazia Agata ameyafua na kuyatundika.

Tekla alikuja kuangalia jioni. Akasimama mlangoni. Akaweka mguu mmoja ndani, akatega sikio, muda mrefu. Nilikuwa nje na kitambaa cha mkono, nasubiri aseme kitu, lolote. Akaingia, akalala, akajaribu upande wa kulia na wa kushoto. Akasema godoro linatosha.

Jumanne, 12 Novemba

Wameondoka asubuhi. Mvua ya kwanza ilinyesha alfajiri, barabara imelowa, vumbi hakuna. Festo anaendesha vizuri, hana pupa. Agata mbele na mtoto. Tekla nyuma, amelala chali, khanga mpaka kifuani.

Nilimwekea chupa ya chai karibu na mkono. Nikamwambia akisikia chochote, hata kama ni kidogo, awaambie wasimame. Akasema atawaambia. Nikasema Tekla, nisamehe. Sikuwa nimelisema kwa neno hilo tangu hospitali. Akafumba macho, akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayeambiwa saa ya dawa. Agata akafunga mlango.

Niliwafuata kwa miguu mpaka barabara ya Urambo. Sijui kwa nini. Walishanipita.

Jumatano, 13 Novemba

Nimefagia uani. Nimefua shuka. Bi Zuhura ameleta vitumbua, nimekula viwili.

Jioni Agata amepiga. Wamefika salama, walilala njiani, mama hakuumwa sana. Nikamuuliza mama yuko wapi. Akasema yupo hapa hapa, amempakata mtoto. Nikasema sawa. Nikasikia sauti yake nyuma, akimsemesha mtoto Kisukuma, chini chini, maneno sikuyapata. Nikasubiri. Agata naye akasubiri. Halafu akasema, "Baba, tutakupigia tena."

Nikasema haya. Nimefunga mlango mapema. Mvua inanyesha.